Milango ya Nehemia na Kompyuta ya Ofisi

Somo la juma hili: Nehemia 7:1–3



Mama mmoja aliketi mbele yangu ofisini akanieleza jambo la nyumbani kwake. Sitalitaja hapa, wala sitasema lilitokea mwaka gani. Alipomaliza kulia aliomba wazee wamkumbuke katika maombi, nami nikamwambia katibu aliandike kwenye faili la maombi, kama ilivyokuwa desturi yetu kila Alhamisi. Jumamosi vijana walikuja kuchapisha ratiba ya mazishi. Waliikuta kompyuta inawaka na faili liko wazi kwenye skrini. Jumapili mchana jambo lile lilikuwa limefika kwenye kwaya, na Jumatatu lilikuwa sokoni. Mama yule hakurudi tena kwetu.

Nilitafuta wa kumlaumu, nikamkosa. Vijana hawakuvunja kitu. Katibu alikuwa ametoka kidogo kumpokea mgeni. Kompyuta yetu ya mezani, iliyonunuliwa kwa michango ya washirika, haikuwa na nenosiri lolote. Ukiiwasha tu, ulikuwa umeshafika ndani, kwenye majina ya watoto wa ubatizo, sadaka za kila familia, barua za nidhamu na machozi ya watu. Mimi ndiye mchungaji wa kundi hili, na mlango ule niliuacha wazi mimi.

Ndiyo maana juma hili naomba tutafakari jambo ambalo wengi huliona ni la mafundi peke yao: paswadi ya kompyuta.

Nehemia alimaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Tungetarajia apumzike, lakini sura ya saba inamkuta bado yuko kwenye milango. Anaiweka mahali pake, anateua mabawabu, halafu anaukabidhi mji kwa watu wawili: Hanani, ndugu yake mwenyewe, na Hanania, mkuu wa ngome, ambaye Neno linamshuhudia kuwa mwaminifu na mcha Mungu kuwapita wengi. Baada ya hapo anawapa waaminifu hao hao maagizo ya kufuli. Mji usifunguliwe asubuhi mapema kabla jua halijapanda na kuwaka. Jioni milango ifungwe na kukomewa walinzi wakiwa wangali pale. Na wakazi washike zamu, kila mmoja karibu na kwake.

Nimesoma sura hiyo mara nyingi bila kuliona hili: Nehemia hakuona kwamba lazima achague, ama awaamini watu ama afunge milango. Alitafuta watu wa kuaminika kwanza kwa sababu milango ilihitaji kufungwa.

Nasema hivyo kwa sababu nilipoleta jambo hili mbele ya wazee, mweka hazina wetu aliumia. Ni mtu mzima aliyeshika vitabu vya kanisa miaka mingi, na hajawahi kupoteza shilingi. Alinyamaza, kisha akauliza, "Mchungaji, kwani mmeacha kuniamini?" Nikamjibu, "Mzee wangu, siku fedha ikikosekana, kila aliyewahi kuigusa mashine hii atatiliwa shaka, na wewe utakuwa wa kwanza. Nataka uwe na mlango wako peke yako, ili wa nje akipita pengine, jina lako lisiguswe." Nilimkumbusha Wakorintho wa Pili sura ya nane, jinsi Paulo alivyokuwa na mchango mkubwa wa kupelekwa kwa watakatifu wa Yerusalemu. Hakusema yeye ni mtume kwa hiyo aaminiwe. Alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyesifiwa katika makanisa yote, ili asipatikane mtu wa kuwalaumu. Mzee aliwaza, akakubali. Leo yeye ndiye anayewahimiza wengine.

Sisi wa Kajiado tuna mafundisho mengine karibu zaidi na macho yetu. Katika enkang, boma la Kimaasai, nyumba huzunguka zizi, na boma zima huzungukwa na ua wa miiba. Ua ni mmoja, lakini milango si mmoja. Kila mzee mwenye mji ana mlango wake, ng'ombe wake wanatoka na kuingia hapo, na usiku ukifika mlango huo unazibwa kwa matawi ya miiba. Simba akiingia usiku, asubuhi inajulikana mlango upi haukuzibwa. Hakuna mzee anayemwambia jirani kwamba kuziba mlango ni kumtukana.

Ofisi zetu nyingi zimefanya kinyume. Kompyuta ni moja, akaunti ni moja, nenosiri ni moja, na kila aliyewahi kuwa kiongozi wa vijana analijua. Tena limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini.

Karatasi hiyo inanikumbusha mtoto wa hapa kwetu, Richard Turere. Nyumbani kwao ni upande huu wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako hakuna ua na wanyama hutoka wakaja mpaka kwenye mazizi. Akiwa na miaka 11 alikuwa na wajibu wa kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wanawamaliza. Alijaribu moto, akaona unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma. Usiku wa pili waligundua kwamba kile kitu hakisogei, wakaingia wakaua. Mwishowe akagundua kwamba simba wanaogopa taa inayotembea, akachukua betri kuukuu ya gari, kipande cha sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akatengeneza taa zinazowakawaka kwa zamu kana kwamba mtu anazunguka boma. Mwaka 2013 alisimama mbele ya mkutano wa TED kule Marekani akieleza kazi hiyo.

Nenosiri linalojulikana na kila mtu ni sanamu ile. Limesimama, linaonekana, na aliyekwisha kulizoea anapita kando yake. Vivyo hivyo jina la kanisa likifuatwa na mwaka, au Yesu123, au Yohana316. Tunaupenda mstari huo, lakini mtu akitaka kuingia kwenye kompyuta ya kanisa ataanza kubahatisha wapi kama si hapo?

Jambo hili la nenosiri lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT cha Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo wa kompyuta moja kubwa ambayo watu wengi waliitumia kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya wote na mafaili yalikuwa ya kila mtu, walimpa kila mtumiaji nenosiri lake. Haukupita muda mrefu, kwani mwaka 1962 mtafiti mmoja hapo hapo, Allan Scherr, aliona saa alizogawiwa hazimtoshi, akaiagiza mashine ichapishe orodha yote ya maneno ya siri, naye akatumia saa za wenzake. Orodha nzima ilikuwa mahali pamoja, na mtu wa ndani aliifikia. Nayafikiria hayo kila nionapo kidaftari cha maneno ya siri kwenye droo isiyofungwa.

Basi tulifanya nini? Katika Windows tulifungua mipangilio, tukaenda kwenye akaunti, tukampa kila anayeketi pale akaunti yake: katibu yake, mweka hazina yake, mimi yangu. Vijana wanaokuja kuchapisha wana yao ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kubadilisha mambo wala kuona mafaili ya wengine. Akaunti ya msimamizi, ile yenye uwezo wote, haitumiki kwa kazi za kila siku. Kisha kila mmoja, akiwa peke yake mezani, aliingia sehemu ya njia za kuingia akajiwekea nenosiri. Mimi niligeuza uso kama tunavyofanya mtu akibonyeza namba ya siri ya M-Pesa.

Tulikubaliana nenosiri liwe refu badala ya kuwa na vikorokoro vingi. Wataalamu wa viwango wa Marekani, NIST, walitoa mwongozo mwaka 2017 wakisisitiza urefu, na wakaacha ile amri ya kuwalazimisha watu kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi michache, kwa kuwa watu huongeza tarakimu moja tu mwishoni. Chukua maneno manne yasiyohusiana. Hapa kwetu Kitengela tuna baraka ya lugha nyingi: neno moja la Kimaa, moja la Kikamba, moja la Kikuyu au Kiluhya, moja la Kiswahili, na hapo umepata kitu usichoweza kukisahau wala jirani hawezi kukikisia. Windows pia inaweza kukuuliza maswali matatu ya kukusaidia ukisahau, kama vile jina la shule yako ya kwanza. Hapa kwetu nani asiyejua ulisoma wapi? Jibu kitu kingine unachokijua wewe. Kufanya hivyo si uongo. Mashine haitaki ushahidi wako, inataka ufunguo wa pili.

Na jambo dogo ambalo lingemwokoa yule mama: ukiinuka, hata kama unakwenda kupokea mgeni mlangoni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Skrini inajifunga papo hapo. Tuliiagiza pia ijifunge yenyewe ikikaa dakika tano bila kuguswa.

Msiniulize kama hayo yanatosha, kwa kuwa hayatoshi. Nenosiri la kuingilia halifichi yaliyoandikwa ndani ya diski. Mwizi akiibeba mashine nzima anaweza kuitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma, isipokuwa diski yenyewe iwe imefichwa kwa programu kama BitLocker, iliyomo katika Windows za daraja la Pro. Tena wale ambao bado wanatumia Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Yako pia mauti na uhamisho. Katibu akihamia mji mwingine na nenosiri kichwani, vitabu vya kanisa vinabaki vimefungiwa ndani. Kwa hiyo nenosiri la msimamizi liko katika bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya sanduku la chuma, na wazee wawili wakiwapo ndipo inafunguliwa. Na mtu akimaliza huduma yake ofisini, akaunti yake inafungwa juma hilo hilo, kwa shukrani na bila kinyongo.

Wako watakaosema kanisa si benki. Ni kweli, lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu katika faragha yake, na haikusema isipokuwa kanisani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja habari ambazo ni nyeti kuliko nyingine: afya, imani, ndoa, mali, majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa. Zitazameni. Ndizo habari ambazo watu hutuletea kila siku, tena kwa hiari, kwa sababu sisi ni kanisa. Sheria hiyo inataka zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Lakini ningekuwa na aibu kama tungefunga kompyuta kwa kuogopa faini. Aliyeniambia siri yake hakuisoma sheria hiyo. Aliniangalia machoni.

Nafikiri juu ya mfalme Hezekia. Alikuwa mtu wa maombi. Alikuwa ametoka tu kuponywa. Wajumbe wa Babeli wakaja na zawadi na salamu za pole, naye kwa furaha akawatembeza nyumba nzima: fedha, dhahabu, manukato, ghala la silaha, asiwafiche chochote. Isaya alipokuja hakuuliza kama wajumbe walikuwa wabaya. Aliuliza wametoka wapi, na wameona nini nyumbani. Swali la pili ndilo lililobeba hukumu. Hezekia alikuwa amefungua vitu ambavyo baba zake waliviweka akiba na ambavyo wanawe wangevihitaji. Havikuwa vyake peke yake kuvionyesha.

Ninawaandikia hasa ninyi mlioshika mashine zenye habari za wengine: makatibu wa vyama, walimu, wahudumu wa zahanati, wenye saiba hapa mjini ambao watu huwaachia nakala za vitambulisho na hati miliki za mashamba. Katika kaunti ambayo ardhi imewatoa watu machozi kiasi hiki, nakala ya hati iliyosahauliwa kwenye kompyuta ya umma ni hatari kwa familia nzima. Futa ulichokwisha kuchapisha. Mwenyewe akiwa bado amesimama hapo, mwonyeshe kwamba umefuta.

Kwa yule mama nimekwenda nyumbani mara mbili kuomba msamaha. Mara ya pili alinikaribisha chai. Hajasema atarudi, nami sikumuuliza.

Jumatano hii kuanzia saa nane mchana ofisi itakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kufundishwa kuweka nenosiri kwenye kompyuta yake, ya nyumbani au ya kazini, bila malipo. Vijana wale wale waliochapisha ratiba ya mazishi ndio watakaowafundisha. Wameomba wenyewe kufanya hivyo. Njooni.