Mwimbaji Anayejiitikia

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika katika Ihyau Ulumid-Din juu ya kusikiliza nyimbo za sifa, alinakili kauli ya Sheikh Junaid wa Baghdad kwamba usikilizaji huo hautimii ila kwa mambo matatu: wakati wake, mahali pake, na ndugu wa kuwa nao. Kauli hiyo yanirudia kila nisikiapo kaswida zinazorekodiwa majumbani siku hizi, kwetu Maniema, nchini Kongo, katika Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Kwa kuwa, ukiipima kazi hiyo kwa mizani ya Junaid, wakati waweza kupatikana, mahali paweza kutengenezwa, lakini wale ndugu hawapo. Je, sifa ya Mtume isiyo na wa kuiitikia ila yule yule aliyeianzisha ni ibada iliyokamilika?

Kijana apatapo mdundo uliokwisha kutengenezwa, wa kinanda na ngoma, huutia katika simu, akangoja usiku hata pikipiki zinyamaze na, Mungu akijaalia, mvua isipige mabati. Huangika blanketi ukutani ili kupunguza mwangwi, akasikiliza mdundo kwa sikio moja na kuliacha la pili wazi, maana azibaye yote mawili aghalabu hupotoka sauti asijue. Huimba ubeti, akaufuta, akauimba tena, hata uwe safi. Kisha huimba kiitikio juu ya sauti yake mwenyewe mara tatu au nne, kwa juu na kwa chini, mpaka msikilizaji adhani kuwa chumba kile kilijaa watu.

Wako wanaokilaumu chombo. Mimi si miongoni mwao, na shauri hilo ni la kale: Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, na kabla ya karne ile kwisha Sayyid Uthman wa Batavia alikuwa amekwisha kutoa fatwa juu yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti katika santuri, alikwenda na wapigaji wake. Wakaimba na kupiga kwa pamoja, na kosa la mmoja likawa la wote, kwa kuwa nta ya santuri haikuweza kufutwa neno moja na kuacha mengine. Chombo kilikuwapo, na ndugu nao walikuwapo.

Kilichopungua leo, kwa maoni yangu, ni kungojana. Mpiga dufu humtazama mwimbaji; akiona pumzi zimemwishia, huivuta ngoma kidogo, na kaumu nayo huinua kiitikio ili apumue. Katika halaka ya dhikri ya tarika ya Kadiria, ambayo wazee wetu wa Maniema waliishika hata chini ya macho makali ya serikali ya Wabelgiji, mwenye pumzi ndefu hujizuia kwa ajili ya mwenye pumzi fupi, na kujizuia huko ni sehemu ya ibada yenyewe. Mdundo wa simu haumngoji mtu, wala mwimbaji halazimiki kumngoja yeyote. Fauka ya hayo, Mtume amefundisha kwamba asomaye Kurani kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi lile tunaloharakia kulifuta huenda ndilo lenye thamani zaidi mbele ya Mola.

Nyangwe ina sababu yake ya kuuthamini mkusanyiko. Tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho ya msafiri Livingstone, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwapiga bunduki raia waliojaa sokoni, na mamia, wengi wao wanawake, wakauawa au wakazama katika Lualaba. Dini yetu ya Kiislamu ilifika kwetu kwa njia zile zile za misafara ya wafanyabiashara hao. Na kwamba wenyeji waliifanya kuwa yao, wakaketi duara moja bega kwa bega katika nchi ambako watu walitawanywa kwa risasi, hilo kwangu ni jambo adhimu, wala sipendi duara hilo liigizwe na koo moja.

Hata hivyo sithubutu kusema kijana yule hana thawabu. Amali ni kwa nia. Na sala ya mtu peke yake ni sahihi, ingawa ya jamaa huizidi kwa daraja 27. Lakini anayesali peke yake hajifanyi kuwa safu. Rai yangu basi ni kwamba aimbe beti kwa sauti yake moja, pamoja na kigugumizi chake, na mahali pa kiitikio auache mdundo uende mtupu, ili anayesikiliza Kabambare, au Kindu, au kule machimboni waliko ndugu zetu wengi, aitikie kwa kinywa chake mwenyewe na kuwafundisha wanawe walioketi naye kuitikia. Kwani ndugu aliowataja Junaid hawakuwekewa sharti la kufika wote kwa saa moja.