Kelele ni Nini?

Mtoto aliapo usiku katika nyumba ya jirani, wewe uliyelala waiita sauti ile kelele, ukajifunika shuka hata masikioni. Mama yake haiiti hivyo. Kwake ni neno, naye aamka mara moja. Basi, je, kelele ni kitu kilichomo ndani ya sauti, au ni hukumu aitoayo asikiaye? Swali hili si la darasani tu, wasomaji wapenzi. Maana mtu apewaye uwezo wa kuiita sauti ya mwenziwe kelele, amepewa na uwezo wa kumnyamazisha.

Wako mafundi wa sauti katika Ulaya na Marekani waliolishughulikia sana jambo hili. Mmoja ni Luigi Russolo, Mwitalia, ambaye alikuwa mchoraji wa picha. Mwaka 1913 aliandika waraka akidai kwamba milio ya mashine na viwanda yastahili kuingia katika muziki kama ya filimbi na fidla. Akaunda vyombo, masanduku ya mbao yenye pembe kubwa mbele na mkono wa kuzungushia, kimoja cha kuvuma, kingine cha kukwaruza, kingine cha kupasuka. Alipovileta mbele ya watu mjini Milan mwaka 1914, wasikilizaji walizomea, hata wakapigana na rafiki zake ukumbini. Ajabu! Waliochukia kelele wakafanya kelele.

Namsifu Russolo kwa kuyafungua masikio ya watu, ila nina neno juu yake. Katika waraka ule ule alitia kwa furaha maelezo ya rafiki yake Marinetti juu ya milio ya vita, mizinga na risasi, kana kwamba ni karamu ya masikio. Naam, mzinga ukisikiwa kwa mbali waweza kuwa na uzuri wake, kama ngurumo. Lakini uzuri huo wapatikana kwa kumsahau mtu aliye chini yake. Russolo mwenyewe alikwenda vitani baadaye, na mwaka 1917 akajeruhiwa vibaya kichwani.

Mfaransa Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris, alilichukua jambo kwa njia nyingine. Mwaka 1948 alinasa milio ya gari la moshi stesheni, akaikatakata na kuipanga upya katika santuri, nayo ikatangazwa redioni mwaka ule ule. Aligundua ya kuwa ukiondoa mwanzo wa mlio wa kengele, yaani pale inapogongwa, sauti inayosalia haitambulikani tena kuwa ya kengele. (Mwalimu agongaye kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni na asikilize mvumo wake mpaka mwisho, ataelewa.) Hata akafundisha kwamba sauti isikilizwe kwa ajili yake yenyewe, bila kuuliza imetoka wapi. Kwa gari la moshi fundisho hili halina hatari. Kwa mtu anayelia, silikubali.

Hata hivyo lina haki ndani yake ambayo haifai kuipuuza. Wako waliozihukumu ngoma za nchi yetu kuwa makelele kabla ya kuzisikiliza, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwahukumu wapigaji. Hao wangalimsahau mpigaji kwa kitambo, wakasikiliza ngoma tu, wangalisikia jinsi mikono miwili ya mtu mmoja isemavyo mambo mawili pamoja, pasipo kugongana. Kumbe kumsahau mwenye sauti pengine ni ukatili, na pengine ndio mwanzo wa kumtendea haki.

Mmarekani John Cage alifika mbali zaidi. Tarehe 29 Agosti 1952, karibu na Woodstock katika jimbo la New York, David Tudor aliketi mbele ya piano, akafunga kifuniko, wala hakupiga hata sauti moja kwa muda wa dakika 4 na sekunde 33, ila alikifungua na kukifunga tena kuonyesha mwisho na mwanzo wa kila sehemu. Cage alisimulia baadaye kwamba kwanza ulisikika upepo nje, kisha matone ya mvua juu ya paa, na mwisho watu wenyewe, wakinong'ona na wengine wakiondoka. Walidhani wamenyimwa muziki, na huku nyayo zao zilikuwa zimekwisha kuingia ndani yake.