Aliyechaguliwa wa 44



Hivi karibuni vijana wa kwaya walituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Waliuliza: mtu hupewa nafasi kwa sababu anastahili, au huja kustahili kwa sababu alipewa nafasi? Tuliwajibu haraka kwamba mwenye juhudi hufika, tukafunga kwa maombi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani tuliona kwamba jibu lile lilikuwa la kumaliza kikao tu. Leo tunajaribu tena, na tunaanza na mtoto mmoja aliyezaliwa kambini kama wengi wa watoto wetu.

Jina lake ni Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kambi iliyoanza mwaka 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan. Baadhi yenu mna ndugu huko hata leo. Wazazi wake ni watu wa Sudan Kusini. Alikuwa bado mtoto mdogo familia yake ilipopata nchi ya tatu, wakaenda Australia. Huko wana mpira wao, si huu tunaoujua sisi. Umechongoka pande mbili kama papai, uwanja wake ni wa mviringo, kila timu ina watu 18 uwanjani, na mchezaji anaruhusiwa kutumia mikono na miguu. Kila upande zimesimama nguzo nne. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za katikati ni pointi 6, ukipita kando yake ni pointi 1. Watoto wa kule huujua mchezo huo tangu wanapoanza kukimbia. Yeye aliukuta akiwa tayari kijana.

Kila mwaka timu za ligi hiyo huchagua vijana wapya kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchagua. Mwaka 2013 Sydney Swans walimchukua Aliir akiwa wa 44. Maana yake majina 43 yaliitwa kabla ya lake. Misimu miwili mizima, 2014 na 2015, hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Alikuwa katika timu ya akiba. Tena alikuja kama mshambuliaji. Wakubwa wake wakamtoa mbele wakamrudisha nyuma awe beki, na hapo ndipo alipoanza kuonekana. Mwaka 2016 akaingia timu kubwa, na timu ikafika fainali. Lakini aliumia goti katika mechi ya kuamua nani aende fainali. Tarehe 1 Oktoba 2016, Swans walipofungwa na Western Bulldogs pointi 89 kwa 67 mbele ya watu karibu 100,000 mjini Melbourne, yeye hakuwamo uwanjani. Mwaka uliofuata alicheza mechi chache tu. Mwisho wa 2020 alihamia Port Adelaide, na mwaka 2021, msimu wake wa kwanza huko, akatajwa katika timu ya heshima ya wachezaji bora wa ligi nzima. Tangu siku ya kuchaguliwa wa 44 hesabuni wenyewe miaka.

Habari ya namna hii ni tamu kuihubiri, na sisi wachungaji tunapenda habari tamu. Lakini mwaka ule wa 1994 Kakuma ilikuwa na watoto maelfu, na barua ya nchi ya tatu haiulizi ni mtoto gani ana mikono mizuri ya kudaka mpira. Wako waliobaki ambao huenda wangecheza kumshinda, na hakuna atakayejua. Kama juhudi peke yake ingetosha, mama zetu wanaoamka saa kumi usiku kwenda kulima mashamba ya watu wangekuwa matajiri. Wala hatusemi juhudi ni bure. Mtu aliyekaa akiba misimu miwili, akaumia, akarudi, ana kitu chake mwenyewe ambacho hakupewa na mtu. Tunasema tu kwamba wakati wote ule kulikuwa na mtu anayemlisha, anayemfundisha, na asiyefuta jina lake. Timu yenye fedha inaweza kungoja. Sisi je?

Hatuulizi swali hili kama watu wasiohusika. Mwaka jana kanisa letu hapa Muyinga lilipata nafasi mbili za kupeleka vijana Gitega kujifunza useremala. Waliomba watatu. Wawili walikuwa wepesi wa kusoma na kusema. Wa tatu ni kijana mkimya, aliyerudia darasa mara mbili, na baba yake hayupo. Katika kikao sisi wenyewe ndio tuliosema kwamba huyu ni mzito, tusipoteze nafasi. Hakuna aliyebisha. Kuta za udongo hazifichi maneno, nanyi mnajua. Kabla ya jioni alikuwa ameyasikia. Tangu siku hiyo hakuja tena kwaya. Sasa anabeba magunia sokoni Muyinga.

Kutomchagua hakukuwa kosa. Nafasi zilikuwa mbili na vijana watatu, mmoja angebaki hata tungefanyaje. Kosa letu ni lile neno. Tulipima namna anavyosoma kwa sauti, halafu tukajifanya tumempima yeye mzima. Hatukuwahi kumpa randa na ubao tuone mikono yake inafanya nini.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, kuna mtini usiozaa miaka mitatu. Mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia mbolea. Tumeisoma habari hiyo mara nyingi bila kuona kwamba haituambii mtini ulizaa au haukuzaa. Mtunzaji aliomba mwaka ule bila kuwa na uhakika wowote. Ila tukumbuke pia, mtini huo ulikuwa unachukua ardhi, na mwenye shamba hakuwa mtu mbaya kwa kuuliza.

Mwaka huu nafasi ni moja. Ameomba binti mmoja mwenye alama nzuri, na mama yake hapa kambini anamtegemea. Kijana wetu hakuomba. Tukimtafuta yeye, huenda tunamnyima binti haki yake ili sisi tutulize dhamiri. Tukinyamaza, neno letu la mwaka jana linabaki limesimama. Wazee wawili wanataka majina yote mawili yaje mbele ya kikao na vijana wote wapewe kazi ya mikono siku moja nzima kabla ya kura. Mzee mmoja anasema huko ni kumsumbua binti. Sisi tuko upande wa wale wawili, ingawa si kwa moyo mwepesi.

Jumanne tulikwenda sokoni kumwomba msamaha. Alikuwa na gunia la maharage begani. Alilishusha, akatusikiliza mpaka mwisho, hakusema ametusamehe wala hajatusamehe. Aliuliza, "Baba mchungaji, kikao ni siku gani?" Tulimwambia ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Akainama, tukamsaidia kulipandisha gunia, akaenda.