Waiteni kwa Rejista ya Kidato cha Kwanza

Desemba inakaribia, na Desemba mjini Tabora ni mwezi wa maembe. Ndio pia mwezi ambao watoto wa mji huu hurudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Kahama, Geita na hata Uarabuni. Mwaka huu sisi tuliomaliza Kidato cha Nne mwaka 2012 katika shule za kata tuna sababu nyingine ya kurudi, maana vikundi vya WhatsApp vimeshaanza kupanga siku ya kukutana shuleni. Kamati zimeundwa, mchango unajadiliwa, rangi ya fulana inabishaniwa hadi usiku. Makala haya nawaandikia wale wanaozisoma jumbe zote hizo bila kujibu hata moja.

Ndugu yangu, unajiambia utakwenda mwaka mwingine, ukishajipanga. Ukishamaliza nyumba, ukishapata kazi inayoeleweka, ukishanunua kiwanja. Nakuomba uache kusubiri. Njoo mwaka huu, njoo ulivyo, na nitakueleza kwa nini wewe ndiye unayehitajika kuliko wote.

Kumbuka tulikotoka. Tulipoingia Kidato cha Kwanza Januari 2009, shule nyingi za kata zilikuwa changa, na waliozijenga ni wazazi wetu wenyewe. Walichangishwa fedha, wakafyatua tofali, wakasomba mawe na mchanga. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na michango ya mlinzi, ya dawati, ya mitihani ya majaribio. Wapo wenzetu waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya michango hiyo, wakakaa wiki nzima wakimsubiri baba auze gunia la mahindi. Maabara hatukuwa nayo, hivyo majaribio ya kemia tuliyasoma ubaoni kama hadithi. Mwalimu mmoja wa hisabati aliwabeba wanafunzi wa vidato vyote vinne. Kisha Oktoba 2012 tukakaa kwenye mtihani uleule wa taifa waliofanya watoto wa shule zenye kila kitu.

Matokeo yalitoka Februari 2013. Nchi nzima, takribani watahiniwa 240,000, yaani sita katika kila kumi, walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, aliunda tume ya kuchunguza, na mwezi Mei serikali ikatangaza kuwa matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya. Yakapangwa upya. Baadhi walipanda daraja, wengi wakabaki palepale.

Hapa naomba tutulie kidogo. Taifa lilipopata pigo lile, watu wazima walikuwa na redio, magazeti na Bunge la kulijadili. Wewe ulikuwa na miaka 17 au 18, umesimama mbele ya baba aliyefyatua tofali za shule ile, na hukusikia kwamba watoto 240,000 wameanguka. Ulisikia kwamba wewe umeanguka. Jirani alikuuliza, shangazi akakuuliza, kila uliyekutana naye sokoni akakuuliza. Ukaanza kuzunguka njia ya nyuma ili usipite mbele ya shule. Wengine wakapanda treni kwenda Mwanza, wengine basi la Dar, na baadhi yao hawajawahi kurudi kwa furaha tangu siku hiyo. Huja kwenye msiba, kisha huondoka kesho yake alfajiri.

Aibu ile haikuwa yako peke yako, na haikustahili kubebwa na mtoto. Umeibeba muda mrefu mno. Mahali pa kuitua ni palepale ulipoipata, mbele ya watu walewale waliokuwa na sifuri kama yako.

Na angalia mlikofika. Wapo waliorisiti mtihani wakafaulu, leo ni walimu na wauguzi. Wapo waliosoma ufundi VETA, na nyumba nyingi mpya za Ipuli na Kiloleni zimepita mikononi mwao. Wapo wanaolima tumbaku Urambo, wanaotundika mizinga katika misitu ya Sikonge, wanaoshuka kwenye maduara ya dhahabu Geita. Yupo dada aliyekwenda Oman kufanya kazi za ndani, akasomesha wadogo zake mpaka chuo kikuu kwa mshahara ule. Yupo bodaboda wa Cheyo ambaye kila mgonjwa wa mtaa wake amewahi kufikishwa hospitali ya Kitete kwa pikipiki yake, usiku, na mara nyingine bila malipo. Mkutano wa wenzetu hauwezi kukamilika bila watu hawa. Siku hiyo akitokea wa kukuuliza ulipata daraja gani, mjibu bila kuinamisha uso, kisha mwambie unachofanya.

Sasa nigeukie kamati, maana nanyi mna deni.

Msiwaalike watu kwa orodha ya matokeo. Nendeni shuleni, muombeni mkuu wa shule rejista ya Kidato cha Kwanza ya mwaka 2009, muwaite wote walioandikwa humo. Rejista ikiwa imeliwa na mchwa, kaeni watano sita, mkumbuke dawati kwa dawati, mkondo kwa mkondo, mpaka majina yatimie. Mtashangaa ni wangapi waliokuwa nasi mwaka ule wa kwanza na hawakuwepo kwenye chumba cha mtihani. Aliyekwenda kuchunga ng'ombe wa mjomba baada ya baba kufariki. Aliyeshindwa michango akaona haya kurudi. Na wasichana waliopata mimba. Siku zile msichana akibainika ana mimba aliondolewa shuleni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kuwa mwanafunzi aliyejifungua anaweza kurejea darasani. Kwa dada zetu tangazo lile lilikuja wakati watoto wao wenyewe wameshaanza shule. Hawamo kwenye orodha yoyote ya waliomaliza, lakini walikuwa darasani, walitukopesha kalamu, walitufundisha hesabu tusizozielewa. Dada hawa waalikwe kwanza, na aende kuwaalika mtu mwenyewe kwa miguu yake. Ujumbe wa simu hautoshi.

La pili, shusheni mchango. Nimeona kamati ikitangaza kiwango ambacho kibarua wa ujenzi hawezi kukipata bila kukopa, kisha ikishangaa watu kunyamaza. Wekeni kiasi ambacho mama anayeuza mboga mtaani Ng'ambo anaweza kukitoa, na mwenye uwezo aongeze kimyakimya kwa mweka hazina bila jina lake kubandikwa kikundini. Fulana iwe hiari. Asiye na kitu aje mapema ashike mwiko, kwani chakula cha watu mia hakijipiki. Na hoteli ya nini? Mkutane shuleni, chini ya miembe, mle wali na nyama, na pembeni pawepo matobolwa ya viazi vitamu na karanga, ambavyo aliyekaa Dar miaka mingi atavifuata kabla ya wali.

La tatu ni walimu. Baadhi ya waliotufundisha wamestaafu au wanakaribia miaka 60 ya kustaafu. Wafuateni majumbani kwao kwa gari, mkae nao meza ya mbele. Mwaka 2013 walimu hawa walibebeshwa lawama za nchi nzima, ilhali walifundisha madarasa yaliyojaa kwa chaki na sauti zao tu. Mwalimu yule aliyetubakiza jioni kwa masomo ya ziada bila kulipwa hajawahi kuambiwa na yeyote kwamba haikupotea bure. Aambiwe, tena na mwanafunzi aliyepata sifuri na leo anaendesha karakana. Nina hakika shikamoo yako ataikumbuka kuliko zawadi yoyote mtakayomfungia kwenye karatasi.

Kuna watakaosema sherehe za namna hii ni za shule kubwa. Tabora ni mji wa shule zenye majina, kweli. Tabora Boys, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1937, haikosi watu wa kuikumbuka. Shule ya kata haina rais kwenye orodha yake. Ina sisi, na tusipoikumbuka sisi hakuna atakayeikumbuka. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016, madarasa yake yamejaa watoto ambao wazazi wao ni wafyatua tofali na wachuuzi kama wetu walivyokuwa. Desemba watakuwa likizo, lakini wa jirani watakuja wakisikia muziki. Wapeni nafasi wasikilize. Wamsikie muuguzi, na wamsikie pia mfuga nyuki na fundi umeme, kila mmoja aeleze alivyoamka Februari ile ya 2013 matokeo yalipotoka na alichofanya kesho yake. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuwapa somo hilo.

Tengeni pia muda wa kuyasoma majina ya wenzetu waliotangulia mbele za haki. Dua isomwe, sala isomwe, na wazazi wao waalikwe. Mama aliyempoteza mwanawe anapomsikia akitajwa na wenzake wa darasa hupata kitu ambacho pole za matanga hazikumpa.

Safari yenyewe si kisingizio tena. Kutoka Dar treni ya umeme inakufikisha Dodoma, na kuanzia hapo kuna lami ya Manyoni, Itigi na Nyahua mpaka Tabora, hakuna tena kuzungukia Nzega. Kata tiketi sasa, maana wiki ya Krismasi hakuna nafasi.

Leo jioni, basi, fungua kile kikundi unachokisoma kimya na uandike kwamba unakuja. Ukishaandika, mtafute mmoja ambaye hayumo kikundini kabisa. Muulize dada yake, muulize kinyozi wa mtaani kwao, namba itapatikana. Mpigie, usimtumie ujumbe. Mwambie tunakutana saa tatu asubuhi, getini, na kama nauli ya pikipiki kutoka Isevya ni tatizo umtumie sasa hivi kwa simu. Mwambie aje na watoto.