Je, Ni Dhambi Kumfuga Komba?



Katika kipindi cha maswali ya vijana, ndugu mmoja aliuliza hivi: "Pastor, Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama wote. Ng'ombe tunafuga, mbwa tunafuga. Sasa nikimshika komba kule msituni, nimlee vizuri, nimpe ndizi, dhambi iko wapi?" Wengine walicheka, lakini swali ni la maana. Wacha tulijibu polepole.

Kwanza, kumpenda mnyama si dhambi. Nabii Nathani alipomkemea Daudi (2 Samweli 12), alitoa mfano wa maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, akamlea nyumbani pamoja na watoto wake. Nathani hamlaumu huyo maskini hata kidogo. Anayelaumiwa ni tajiri aliyechukua kisicho chake. Kwa hivyo shida haiko kwenye kupenda. Iko kwenye kuchukua.

Pili, komba si ng'ombe. Ng'ombe na kuku wameishi na watu kwa maelfu ya miaka. Sisi watu wa huku tunajua hilo vizuri: ingokho hurudi nyumbani mwenyewe jioni bila kuitwa, na fahali wa Khayega anamjua anayemlisha. Komba hajaingia katika agano hilo. Yeye hulala mchana na kuamka usiku. Huruka mita kadhaa kutoka tawi hadi tawi. Hujipaka mkojo kwenye viganja na nyayo, ili kila anapopita aache harufu yake. Msituni, hiyo ni hekima aliyopewa na Muumba. Sebuleni kwako inakuwa uchafu, halafu unamchapa. Kwani unamwadhibu kwa kosa gani? Kwa kuwa vile Mungu alivyomuumba!

Komba ana jamaa zake kule Madagaska, wanaoitwa lemuri. Asili yao ni huko tu. Watafiti walikadiria kuwa kati ya mwaka 2010 na katikati ya 2013, lemuri zaidi ya 28,000 walifugwa majumbani katika miji ya kisiwa hicho, ingawa sheria inakataza. Mwaka 2020, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba kati ya aina 107 za lemuri, 103 ziko hatarini kuangamia. Kukata misitu na kuwinda ndizo sababu kubwa, lakini kufuga nako kunaongezea mzigo. Na hebu fikiria: hakuna mtu anayemweka mnyama sebuleni kwa sababu anamchukia. Wote wanasema wanawapenda.

Msiseme hayo ni ya Madagaska tu. Kasuku wa kijivu walikuwa hapa hapa katika Msitu wa Kakamega. Leo kumwona hata mmoja ni bahati kubwa. Miti ilikatwa, na makinda yakachukuliwa kwenda kuuzwa kwa watu waliotaka ndege wa kuongea nao.

Nilisoma biashara chuoni, na jambo moja sijalisahau: bei haionyeshi gharama yote. Mtu akikuuzia mtoto wa tumbili kando ya barabara, ile bei haina hesabu ya mama aliyeuawa au kufukuzwa ili mtoto apatikane. Haina hesabu ya wale waliokufa kwenye gunia kabla ya kufika sokoni. Na hata ukimnunua kwa huruma, muuzaji hahesabu huruma yako. Anahesabu mauzo. Kesho atarudi msituni kuleta mwingine.

Mnadhani Mungu haangalii vitu vidogo kama hivi? Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ukikuta kiota njiani, umekatazwa kumchukua mama pamoja na makinda. Na ahadi inayofuata ni ile ile ya anayewaheshimu wazazi wake: heri na siku nyingi. Kiota tu, wapendwa! Lakini Mungu alikiwekea mpaka.

Hata chungu, wale wa Mithali 6, wana soko siku hizi. Aprili 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu malkia wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Kuna watu ng'ambo wanaowafuga ndani ya vioo. Mahakama iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. Mungu alituambia tumwendee chungu tujifunze. Hakusema tumfungie.

Sasa turudi kwa mamlaka. Mwanzo 1:28 inampa mwanadamu utawala, na Mwanzo 2:15 inaeleza kazi yenyewe: kulima na kutunza. Zaburi 24:1 inamtaja mwenye mali, naye ni Bwana. Basi sisi ni mameneja. Meneja ana mamlaka juu ya stoo yote, lakini akianza kubeba bidhaa kwenda nazo nyumbani kwake, hatusemi anatawala. Tunasema anaiba. Hata Sulemani aliletewa nyani na tausi kwa merikebu (1 Wafalme 10:22). Biblia haimsifu kwa hilo, na sura inayofuata moyo wake unageuka.

Mtu atauliza, "Je, nikimkuta mtoto wa komba mti umeangushwa na mama hayupo?" Hapo kumsaidia ni wema. Lakini kuokoa na kumiliki ni vitu viwili. Wapigie KWS, wako hapo Buyangu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayeweka mnyama wa porini. Na kama tayari unaye nyumbani, usimfiche, na usimtupe porini usiku asijue pa kwenda. Jitokeze uombe msaada. Mwaka 2022 KWS iliwapa wenye kasuku wa kijivu muda wa msamaha ili wajiandikishe. Hata serikali inajua maana ya neema.

Kwa hivyo, ndugu yangu kijana, jibu langu ni hili. Upendo hautafuti mambo yake wenyewe (1 Wakorintho 13:5). Kabla hujamshika kiumbe chochote, jiulize: hapa ni nani anayefaidika, mimi au yeye? Swali hilo litakufaa hata siku ya kuchumbia. Kumpenda komba ni kuulinda mti anaolala ndani yake. Ukisikia sauti yake usiku, mshukuru Mungu kwamba bado yuko, kisha ulale.

Andiko la kutafakari wiki hii: Mithali 12:10.