Punda Afe, Mzigo Ufike?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa awe rehema kwa walimwengu. Ama baada ya haya:

Ndugu Waislamu, katika methali tulizorithi kwa wazee wetu wa pwani zimo nyingi za hekima, nasi twazihifadhi kama mali. Lakini si kila lisemwalo na wengi huwa ni haki. Imo moja isemwayo kwa kicheko sokoni na bandarini, wala hatuipimi kwa mizani ya dini, nayo ni ile isemayo: punda afe, mzigo ufike. Katika darsa yetu tuliulizana: je, Mwislamu aweza kuyasema maneno haya, akayatenda, kisha akasimama mbele ya Mola wake akiwa na hoja?

Sababu ya swali hili ni safari. Baadhi yetu tulikwenda Modogashe, mji ulio katika njia kuu itokayo Isiolo kwenda Wajir, mahali Garissa na Isiolo zinapopakana. Nchi ile ni kame, na wenyeji wake wengi ni wafugaji. Mvua zikikosekana, kama zilivyokosekana misimu 5 mfululizo tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, basi maji ndiyo huwa habari ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku. Na ayafikishaye maji hayo mlangoni kwa watu wengi si mfereji. Ni punda aliyefungwa mkokoteni.

Asubuhi moja, mwenyeji wetu, kwa ukarimu wake, aliagiza maji zaidi kwa ajili yetu wageni. Mkokoteni ukaja una mitungi 20, kila mtungi lita 20. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi hizo ni kilo 400, bila kuhesabu mkokoteni wenyewe na kijana aliyeketi juu yake. Na punda aliyeuvuta hakufika nusu ya uzito huo. Kifuani alifungwa kamba ya katani iliyokwisha kumchuna ngozi, na inzi wameijaa nyama iliyo wazi. Magurudumu yalikuwa yamelegea kwa kukosa upepo, hata kila hatua ikawa kama kupanda kilima.

Mmoja wetu akamwambia yule kijana, "Mwanangu, huoni kwamba mnyama huyu ameumia?"

Akajibu kwa adabu, "Naona, adeer. Lakini punda si wangu. Mwenyewe ataka hesabu yake jioni, nanyi mwataka maji kabla ya adhuhuri. Nikipunguza mitungi, nani atanilipa?"

Hatukuwa na jawabu. Tuliyapokea maji yale, tukatawadha, tukasali. Na baada ya swala mmoja wetu akalitamka lile ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni: udhu wetu huu una hukumu gani?

Kwa hukumu ya fikihi, udhu ule ni sahihi. Maji yalikuwa safi, na bei yake ililipwa. Lakini kusihi kwa ibada ni jambo moja, na kusalimika na dhulma ni jambo jingine. Mtu aweza kuzitimiza nguzo zote za swala yake, na bado akawa na deni shingoni. Swali letu, basi, si la udhu. Swali letu ni hili: deni la punda yule limo shingoni mwa nani?

Wako wasemao kwamba mnyama hana haki. Haki ni za wanadamu, na wanyama wameumbwa watutumikie. Nusu ya kauli hii ni kweli. Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba wanyama hutubebea mizigo hadi miji ambayo tusingaliifikia ila kwa mashaka makubwa, na akawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na ni pambo. Lakini ametutajia hayo katika hesabu ya neema zake, na neema ina masuala. Mtume (S.A.W.) alipoingia katika shamba la mmoja wa Ansari akamwona ngamia akitokwa na machozi, alimwita mwenyewe akamkanya kwa kumtia njaa na kumchosha, habari hii ameipokea Abu Daud. Alipompita punda aliyetiwa alama ya moto usoni, alimlaani aliyemfanyia hivyo. Nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Na sote twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa. Ikiwa mnyama hana haki, mwanamke yule aliadhibiwa kwa haki ya nani?

Tena tuangalie jambo moja la ajabu. Muadh bin Jabal (R.A.) alipanda nyuma ya Mtume (S.A.W.) juu ya punda aitwaye Ufair, na hapo ndipo Mtume alipomfundisha ni ipi haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja wake, na ni ipi haki ya waja kwake. Somo lile kubwa la haki lilisomeshwa juu ya mgongo wa punda, mnyama ambaye sisi twalifanya jina lake kuwa tusi. Nao walipanda wawili. Kwa hiyo hatusemi kwamba kumfanyisha punda kazi ni haramu, wala kwamba mzigo ni dhulma. Kipimo ni uwezo. Afanyishwe aliwezalo, apewe alihitajilo, na apumzishwe achokapo.

Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wameyaeleza haya bila kuficha. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliandika katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba muhtasibu ana mamlaka ya kuwazuia wenye wanyama wasiwatumie kwa kazi wasiyoiweza. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alizihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu, na katika hizo ni kwamba alishwe hata akizeeka au akiugua asiweze kufaa tena, wala asibebeshwe asichokiweza. Kabla yao, Khalifa Umar bin Abdulaziz alipopata habari kwamba ngamia wa Misri hutwikwa ratili 1,000, aliandika wasipitishwe ratili 600. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ni ya mwaka 1962. Basi asituambie mtu kwamba maneno haya ni desturi ya Wazungu. Yamo vitabuni mwetu, ila sisi twasoma mlango wa tohara na kuuacha mlango wa nafaka.

Sasa turejee kwenye lile deni. Ukimdhulumu mwanadamu mwenzako, mlango wa kujitakasa u wazi: wamwendea, warejesha ulichotwaa, wamwomba radhi, naye aweza kusamehe. Ukimdhulumu punda, utamwendea wapi? Hana ulimi wa kudai wala wa kusamehe. Deni lake halina suluhu ya duniani, hungoja Siku ile ambayo Mtume (S.A.W.) ametuambia kwamba hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kisasi kwa mwenye pembe. Wengi hudhani kwamba dhulma ya mnyama ni ndogo kwa kuwa mwenyewe ni bubu. Kumbe ububu wake ndio unaoizidisha, kwa sababu hakuna wa kukufutia.

Na deni hili halimkalii mmoja. Mwenye punda huamuru, kijana hushika fimbo, na mnunuzi ahimizaye maji mengi kwa bei ndogo na kwa haraka, ilhali kidonda akiona kwa macho yake, naye ni mshirika. Kijana wa Modogashe alitwambia ukweli huo kwa maneno machache. Sisi tulimwuliza kana kwamba mnyama ni wake peke yake, naye akatuonyesha kwamba kamba ile ya kifuani tulikuwa tukiivuta sote.

Huenda mtu akasema: "Haya ni maneno ya walioshiba. Maskini akimpumzisha punda, watoto wake watalala njaa." Hoja hii si ya kupuuzwa, na asiyejua tabu ya nchi kame asiwe mwepesi wa kuwahukumu watu wake. Lakini twauliza: ni nani apatwaye na hasara punda akifa? Si tajiri. Farasi wa gari la mfalme hufunzwa kwa taratibu, huvikwa matandiko ya ngozi laini, na yuko mtumishi wa kumchunga. Ilhali mfalme akimpoteza hununua mwingine siku hiyo hiyo. Maskini mtaji wake wote ni punda mmoja, na huyo ndiye asiyetunzwa. Kumhurumia si anasa, bali ni akili ya maisha.

Na mambo yenyewe hayahitaji utajiri. Punda asitiwe mkokotenini kabla ya kutimiza miaka 3, wala asipewe kazi kamili kabla ya 4, kwani mifupa yake ingali mibichi. Afunzwe kwanza kwa kutembezwa kando ya punda mzima aliyetulia, kisha avute mkokoteni mtupu, kisha mzigo mdogo. Naye azoeshwe sauti ya mchungaji kabla ya kuijua fimbo, kwani ajifunzaye kwa kipigo hujifunza woga tu. Mkanda wa kifuani uwe mpana na uzungushiwe kitambaa kikavu. Kamba nyembamba na waya hukata nyama. Mzigo upangwe juu ya magurudumu, usilemee mbele ukamkandamiza mgongo, wala nyuma ukamwinua. Magurudumu yatiwe upepo. Kwato zipunguzwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Anyweshwe maji safi kabla ya kazi na baada yake; maana ni aibu iliyoje, abebaye maji ya mji mzima kuwa na kiu! Na tusidanganywe na ukimya wake, kwani punda huficha maumivu, na akionyesha dalili huwa ameumia siku nyingi. Ndugu zetu wa Lamu wanajua faida ya haya, kwa kuwa tangu 1987 wanayo hospitali ya punda ambako hutibiwa bure.

Tuseme pia neno juu ya jambo lililotuliza. Baada ya 2016, machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kwa biashara ya ngozi na nyama ya kupelekwa ng'ambo, wezi walizidi na maskini wengi waliamka asubuhi wasione punda wao. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, huko Addis Ababa, wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini yule ambaye mkanda wake humchuna punda kidogo kidogo kila siku, amlaumu vipi amchunaye kwa siku moja?

Modogashe si mji usiojua kutengeneza mambo. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa jamii za wafugaji walikutana hapo wakaandika azimio juu ya malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia ya damu, na jina la mji huo likajulikana kwa sababu ya mapatano hayo. Watu walioweza kuketi na waliopigana nao hawashindwi kuketi wakaafikiana idadi ya mitungi ya safari moja, na siku ya mapumziko ya mnyama. Nasi wa Mombasa, Malindi na Lamu tusiwanyoshee kidole. Mizigo yetu nayo yavutwa na punda, na mara nyingine na binadamu wenzetu.

Katika darsa tulikubaliana mambo matatu. Tusipokee mzigo wa mnyama mwenye kidonda bila ya kusema na mwenyewe kwa upole. Tulipe zaidi kwa mzigo mchache, kwa kuwa huwezi kumwamrisha maskini huruma ambayo gharama yake hutaki kuishiriki. Na tupunguze maji tunayoyamwaga, Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, haifiki lita, nasi siku ile kila mmoja alimwaga karibu ndoo.

Husemwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Yule wa Modogashe hakutupiga teke. Alisimama mlangoni, kichwa chini, akangoja mitungi ishushwe, kisha akageuzwa kurudi kisimani. Basi tujiulize sisi wenyewe, miongoni mwetu na yeye, ni nani aliyemlipa mwenzake mateke.

Mwenyezi Mungu atuongoze, atusamehe tuliyoyajua na tuliyoyaghafilikia, na aziweke huruma nyoyoni mwetu kabla ya Siku ya madai. Amin. Wallahu a'lam.