Moyo Hunywa Wapi?

Mwalimu anayefunzwa katika chuo cha ualimu cha Kinampanda, katika Iramba, nchi ya Wanyiramba, mkoani Singida, hana budi siku moja kusimama mbele ya watoto na kuchora ubaoni mwili wa mwanadamu; na baada ya kutaja mifupa 206 ya mtu mzima, na mapafu, na figo, na utumbo mrefu uliokunjwa kwa hekima katika nafasi ndogo, huweza kukabiliwa na swali lisilokuwamo katika kitabu chake: katika viungo hivi vyote, mkuu ni nani? Swali hili ni la kitoto kwa sauti tu. Ndani yake limo lile lililowakesha wanazuoni kwa karne nyingi, yaani nafsi ya mtu, ile isemayo "mimi", imeketi wapi?

Lugha yetu haikutoa jibu moja. Husema mwerevu ana kichwa na shujaa ana moyo. Neno la ukatili hukata maini, mapatano yaliyoharibika hutumbukia nyongo, na ndugu wa damu ni wa tumbo moja. Wazee waliounda misemo hii hawakuwa wajinga wa maumbile. Waliupima mwili kwa uchungu na furaha yake, wakaona kila walipobisha hodi paliitikiwa.

Wanaoutawaza ubongo wana hoja nzito, kwa kuwa humo ndimo fikra na kumbukumbu zinamohifadhiwa, na amri zake hushuka kwa uti wa mgongo hadi kwenye ncha za vidole. Walakini sultani huyu ni mhitaji kuliko raia zake: uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, naye hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ya mwili uliopumzika, na damu ikikoma kumfikia, fahamu hutoweka kwa muda wa sekunde 10 hivi. Ini nalo ni forodha. Vyakula vingi vifyonzwavyo utumboni, isipokuwa sehemu kubwa ya mafuta, hupelekwa kwake kwanza kwa mshipa mmoja mpana, vikakaguliwa, vingine vikawekwa akiba, kabla ya kuruhusiwa kuenea mwilini. Lakini nani amewahi kumwita mkuu wa forodha mfalme?

Basi moyo je? Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Moyo wa mbuzi ulionunuliwa buchani na kupasuliwa juu ya meza ya darasa hutosha kutufunza, maana una vyumba vinne kama wetu. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika, nao una chembe zake wenyewe zinazouhimiza kupiga, bila kungoja amri ya ubongo. Mwenye kuutazama angedhani kuwa kiungo kilichojaa damu namna hii hujinywea kutoka vyumbani mwake, na hata Ibn Sina, bingwa wa tiba, alidhani damu ya upande wa kulia ndiyo chakula cha moyo. Aliyelikataa jambo hili ni Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham aliyefariki Misri mwaka 1288, yule yule aliyefundisha kuwa damu huvuka kutoka kulia kwenda kushoto kwa kupitia mapafuni, zaidi ya miaka 300 kabla ya William Harvey kuchapisha kitabu chake cha mzunguko wa damu mwaka 1628. Ibn al-Nafis alisema moyo hulishwa na mishipa iliyoenea katika mwili wake. Ndivyo ilivyo: mishipa miwili huchipuka mwanzoni mwa mshipa mkuu, mara tu damu itokapo moyoni, ikarudi kuuzunguka kwa nje, chini ya mafuta, na kuilisha nyama yake nene.

Tazama ajabu hii! Mweka hazina hana ruhusa ya kuchota katika kasha alilolishika. Hutoa kwanza, kisha hupokea fungu lake kwa njia ile ile wanayopokelea wengine, na mshipa mmojawapo ukiziba, huweza kufa kwa kiu hali amejaa.

Kwa hiyo simwoni mfalme mwilini. Neno letu "kiungo" latokana na kuunga, nami naliamini kuliko cheo chochote, kwa kuwa linakitambua kila kipande kwa kile kinachokiunganisha na vingine. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, uliofika Iramba pamoja na wamisheni wa Kilutheri, alivikataza viungo kudharauliana. Maiti ina ubongo, ini na moyo, wala hakuna kilichopungua katika hesabu ya viungo. Kilichoondoka ni ule muungano wao, na nafsi tuliyoizoea haionekani tena. Kama Mola ameihifadhi kwingineko, hilo ni la imani, nami naliamini. Lakini maadamu tu hai, nafsi imeketi katika kupeana huko.

Mwalimu wa Kinampanda, utakapouchora moyo ubaoni, tafadhali usiiache mishipa ile miwili.